Wanakondoo hawanenepi, nimeambiwa niwape gundi ya nyuki. Kuna aliyejaribu?

MamaKisongo
Habari za jioni wakuu. Nipo Kisongo, Arusha, nina kondoo majike 18, mchanganyiko wa Wekundu wa Kimaasai na Dorper. Nimepata watoto 14. Sasa wana wiki kumi, nikiwaning'iniza kwenye mzani wengi hawavuki kilo 10, na wa jirani wa umri huohuo wana 15. Shemeji yangu anafuga nyuki Monduli, anasema gundi ya nyuki, ule utomvu wanaozibia mzinga, na chavua vinakuza kuliko pumba. Kaniletea kopo zima la gundi. Nawapaje? Na asali?

Mchaga_wa_Boma
Dada, asali tia kwenye chai. Kondoo sukari ya nini?

LojaMonduli
Sisi huku gundi tunapaka kwenye vidonda na kitovu cha mtoto. Ya kula sijawahi kuona.

Msomi_Tengeru
Shemeji yako hajakudanganya, ila ameezeka kabla ya kujenga. Majaribio ya kulisha wanakondoo gundi na chavua yamefanyika Misri na Brazil. Mengine yalionyesha uzito kuongezeka, mengine hakukuwa na tofauti. Na haishangazi: gundi ni utomvu ambao nyuki wamekwangua kwenye miti, kwa hiyo ya Monduli haifanani na ya Brazil. Inachofanya ni kupunguza baadhi ya bakteria tumboni. Chavua ni kitu kingine, yenyewe ina protini, takribani asilimia 20, lakini ukiipata mbichi ianikwe ikauke, vinginevyo inaota ukungu na utawaumiza.

Gundi haiyeyuki kwenye maji. Walioifanyia utafiti wengi huiloweka kwenye pombe kali kwanza. Tafadhali usitumie spiriti ya dukani wala gongo.

Ila kabla ya kopo hilo, vuta kope la chini la kila mtoto uangalie rangi. Nyekundu ni salama. Nyeupe kama karatasi, hiyo ni minyoo inayonyonya damu, na baada ya masika wanajaa malishoni. Walipata dang'a (maziwa ya kwanza ya mama) ya kutosha ndani ya saa sita za kwanza? Na madini unayowapa ni ya nani?

MamaKisongo
Madini ya ng'ombe. Nilipewa dukani.

Msomi_Tengeru
Acha leo. Madini ya ng'ombe yana shaba nyingi, na kondoo hana uwezo wa kuitoa mwilini kama ng'ombe. Inajikusanya kwenye ini, siku moja anakufa ghafla.

Mchaga_wa_Boma
Mimi hilo lilinitokea. Nilipoteza wanne nikadhani nimelogwa.

Mzee_wa_Mizinga
Binti yangu, nami nasema kama mfugaji wa nyuki: mzinga mmoja unatoa gundi kidogo tu kwa mwaka. Hilo kopo ni mavuno ya mizinga mingi. Kuwalisha kondoo 14 miezi miwili utamfilisi shemeji. Muuzie mtu wa dawa mjini, pesa nunua mashudu ya alizeti.

MamaKisongo
Shikamoo mzee. Wakuu, nimerudi. Nimevuta kope zote asubuhi hii: tisa ni nyeupe kabisa, na mmoja ana uvimbe chini ya taya. Kumbe dawa ya minyoo nilikuwa nakisia kwa macho. Nimemwita mtaalamu wa mifugo, kawapima mmoja mmoja na kuwanywesha kwa uzito.

Pia nimetenga kona ya mabanzi ambayo mama hawapiti, watoto tu, ndani kuna mashudu, pumba ya mahindi na lusina mkavu. Wale watano wenye kope nyekundu nitawaongezea chavua kidogo ya shemeji ili asinikasirikie. Nitawapima kila Jumapili. Gundi nimempelekea LojaMonduli ya vitovu.

LojaMonduli
Imefika. Ashe oleng.