Matokeo yanachanganyika nikigawa kazi kwa nyuzi nyingi (Python): nirekebishe wapi?

Kadutu_Py, Bukavu
Jambo wandugu, naomba ushauri. Nina orodha ya wanafunzi 1,240 wa shule moja hapa Bukavu, imepangwa kwa darasa, kisha kwa namba ya mwanafunzi darasani. Kila mmoja anatengenezewa bulletini (ripoti ya alama) ya PDF, halafu zote zinaunganishwa kuwa faili moja la kuchapisha. Nimegawa kazi kwa ThreadPoolExecutor (chombo cha Python cha kuendesha kazi kwa nyuzi, yaani threads) yenye nyuzi 8, mashini ina viini 4 vya kichakato (CPU). Natuma kwa submit, napokea kwa as_completed, kila jibu naliongeza kwa append. Zote zinatoka, lakini wa 7 EB (mwaka wa 7 wa elimu ya msingi) amekaa katikati ya wa humanités (sekondari ya juu), na kila nikiendesha upya mpangilio ni mwingine. Tena mwendo haujaongezeka.

Ruashi_Dev, Lubumbashi
Kinachokuvuruga ni as_completed. Inakukabidhi kazi kadiri zinavyomalizika, haijali ipi ilitumwa kwanza. Tumia map ya executor ileile (tengeneza ni kitendakazi chako kinachotoa PDF ya mwanafunzi mmoja):

```
with ThreadPoolExecutor(8) as ex:
    majibu = list(ex.map(tengeneza, wanafunzi))
```

Ndani kazi bado zinaisha ovyo, ila majibu unapewa kwa mpangilio wa orodha uliyoingiza. Sasa hapa ndipo wengi wanaumia: mwanafunzi wa 300 akikosa alama na tengeneza ikarusha kosa, kosa linakulipukia ukifika nafasi yake, na majibu ya 301 kuendelea huyapati tena hata kama yalishakuwa tayari. Weka try (ya kunasa kosa) ndani ya tengeneza yenyewe, irudishe jozi: njia ya faili na None, au None na maelezo ya kosa. Nafasi ya mwanafunzi lazima ibaki hata ikiwa tupu.

Ukitaka kuendelea na as_completed ili uonyeshe kazi imefika wapi, tunza namba ya nafasi:

```
nafasi = {ex.submit(tengeneza, m): i for i, m in enumerate(wanafunzi)}
majibu = [None] * len(wanafunzi)
for f in as_completed(nafasi):
    majibu[nafasi[f]] = f.result()
```

Kadutu_Py, Bukavu
Aksanti sana kaka, imeeleweka. Na mwendo je?

Himbi_Kodi, Goma
Kuchora PDF kwa Python tupu ni kazi ya kichakato, na katika CPython ya kawaida (Python wanayotumia wengi) kufuli la GIL linaruhusu uzi mmoja tu kuendesha kodi ya Python kwa wakati mmoja. Nyuzi zinasaidia pale kazi inaposubiri mtandao au diski. Hamia ProcessPoolExecutor(4), inayotumia michakato inayojitegemea badala ya nyuzi; map yake nayo inatunza mpangilio. Ipe chunksize=20 (idadi ya kazi zinazotumwa kwa mkupuo mmoja), maana kawaida ni 1, na kutumiana data mwanafunzi mmoja mmoja kati ya michakato kunakula muda.

Tengeneza iwe juu kabisa ya faili, si ndani ya kitendakazi kingine wala lambda, la sivyo haitasafirishika kwenda mchakato mwingine. Kwenye Windows anza na `if __name__ == "__main__":`, kwa sababu kila mchakato mpya unasoma faili la programu upya toka mwanzo. Na usirudishe PDF nzima, rudisha njia yake tu. map inatuma kazi zote mara moja, na kama ya kwanza ni nzito, majibu ya nyuma yake yanarundikana kwenye RAM yakiisubiri.

Katuba_Java, Lubumbashi
Kwa wanaosoma hapa na wanatumia Java: parallelStream (inayopitisha orodha kwa nyuzi kadhaa) yenye forEach inayoongeza kwenye ArrayList inapoteza hata vipengele, si mpangilio tu, maana ArrayList haijaundwa kuandikwa na nyuzi kadhaa pamoja. Andika map kisha collect(Collectors.toList()), mpangilio wa chanzo unabaki. Chanzo kikiwa HashSet, hakuna mpangilio wa kutunza. forEachOrdered ipo, lakini inasubirisha, na faida kubwa ya usambamba inapotea.

Bagira_77, Bukavu
Nakubaliana na map, ila mimi nisingetegemea kumbukumbu ya programu peke yake kwa kazi kama hii. Umeme ukikatika kwenye bulletini ya 900, orodha yote ya majibu imekwenda. Mpangilio uandike kwenye jina la faili: 0001.pdf hadi 1240.pdf. Hizo sifuri za mbele ni za lazima, bila hizo 10.pdf inapangwa kabla ya 2.pdf. Andika kwanza kwenye 0001.tmp, funga faili, ndipo ulibadilishe jina kwa os.replace. Hivyo programu ikifa katikati, hakuna PDF nusu inayojifanya nzima. Ukianza upya unaruka kila namba ambayo faili lake la .pdf lipo. Kabla ya kuunganisha, pita namba 1 hadi 1240 uone ipi haina faili, usiunganishe mpaka zote zimetimia.