Naombeni ushauri: antibodi ya alfa-sinuklini

Wadau naombeni msaada, niko labu hapa Nairobi nasoma alfa-sinuklini, ile protini inayogandamana kwenye ubongo wa wagonjwa wa Parkinson. Natafuta antibodi (protini ya kinga inayonasa kitu kimoja maalum) inayoshika ile yenye fosfeti kwenye serini 129 (asidi amino ya 129 kwenye mnyororo wake) pekee. Niliyo nayo, kwenye western blot (unatenganisha protini kwa ukubwa, unazihamishia kwenye membreni, yaani karatasi nyembamba, halafu unaweka antibodi), inaleta mstari hafifu sana pale kilodaltoni 14, ambao ndio ukubwa wa protini yenyewe, halafu juu yake kuna mwingine mweusi tii sijui ni wa nini. Maziwa situmii, nablok (naziba nafasi tupu za membreni) na albumini kwa sababu kasini, protini ya maziwa, nayo ina fosfeti. Nasikia protini ndogo hivi inaoshwa ikatoka kwenye membreni usipoikaza na paraformaldehaidi asilimia 0.4, kuna aliyejaribu? Na mnaagiza monoklonali (antibodi za aina moja tu) ya sungura ama ya panya? Bei ni moto jameni na mzigo ukikwama kastamu barafu inaisha, nataka niagize mara moja nipate ya ukweli.