Mnaotangaza "mlima mgumu" Dodoma, tuambieni kwanza ni mita ngapi

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, hivyo naomba mnivumilie. Jumamosi iliyopita nililipa shilingi 60,000 kwa kikundi kimoja cha matembezi hapa mjini, ambacho jina lake nalihifadhi, kilichotangaza safari ya siku moja ya kupanda mlima "kwa wenye roho ngumu tu". Nilijiandaa ipasavyo: lita nne za maji, viatu vya mlimani, karanga, na usingizi wa mapema kama mtoto anayesubiri Idi. Tuliambiwa tufike saa kumi na mbili asubuhi, lakini gari liliondoka saa tatu na robo kwa sababu spika ya muziki ilikuwa bado haijapatikana.

Mlima wenyewe ulikuwa jabali la pembeni mwa mji. Simu yangu ilihesabu mita 140 za kupanda, tukafika juu kwa dakika 35, ingawa tulisimama mara nne kupiga picha. Muda wote uliobaki, hadi saa tisa alasiri, ulikuwa wa pilau na muziki. Sina ugomvi na pilau. Ugomvi wangu ni kwamba niliuziwa pilau kwa jina la mlima.

Ninajiandaa kwa Kilimanjaro. Usiku wa kwenda kileleni, anayepita njia ya Marangu hutoka kambi ya Kibo, kwenye mita 4,720 hivi, hadi Uhuru, mita 5,895, yaani karibu mita 1,200 za kupanda kwa mkupuo mmoja huku hewa ikiwa nyepesi. Ili miguu ionje kazi ya namna hiyo, jabali lile ningelazimika kulipanda zaidi ya mara nane, na ndivyo nilivyojaribu kufanya Jumapili, peke yangu na bila kulipa mtu. Mchunga mbuzi mmoja, aliponiona nashuka kwa mara ya tano, aliniuliza kwa upole: "Kaka, umepoteza nini?"

Ugumu wa njia unapimika. Tangu mwaka 1892 wapanda milima wanatumia kanuni ya Mskoti William Naismith: saa moja kwa kila kilomita 5 za kutembea, na saa moja nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Anayetangaza safari anahitaji namba mbili tu, lakini nilipowauliza waandaaji namba hizo kabla ya kulipa, nilijibiwa, "Usijali mkuu, utafurahi."

Tena msiniambie kwamba Dodoma ni tambarare. Mji umekaa kwenye uwanda wa juu wa takriban mita 1,100, na ni kweli kwamba vilima vyake vingi ni majabali mafupi, lakini milima ya Kiboriani iko juu ya mji wa Mpwapwa na safu ya milima ya Rubeho iko mbele yake. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, inastahili safari, ila ni kazi ya macho kuliko ya miguu. Kwa miguu hasa, tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mtu anaweza kulala Morogoro Ijumaa, akapanda Lupanga Jumamosi: kutoka mji ulio kwenye mita 500 hivi hadi kilele cha mita 2,138, ndani ya msitu wenye mwinuko mkali na utelezi mvua ikinyesha. Kibali cha hifadhi kinahitajika, nacho hakikatwi kwa spika.

Kinachoniudhi zaidi ni ile saa tatu na robo. Kwa ukame wetu wa kiangazi, mito mingi ikiwa mchanga mtupu na kivuli kikiwa cha mbuyu mmoja mmoja, kuchelewa kwa saa tatu kunamaanisha kupanda jua likiwa utosini. Juzi tuliokolewa na ufupi wa jabali. Wakiwapeleka watu hivyo hivyo Kiboriani, kuna atakayebebwa.

Nimedai nusu ya fedha yangu na bado sijajibiwa. Wakati nasubiri, aliyepanda Kiboriani na kurudi siku hiyo hiyo aandike hapa: alianzia kijiji gani, saa ngapi, alipanda mita ngapi, alibeba maji lita ngapi, na alimwomba nani ruhusa ya kupita. Picha za sahani sihitaji.