Hansel na Gretel: mama mzazi kugeuzwa mama wa kambo, ni sawa?

Wadau, hebu tujadili hili. Hadithi ya Wajerumani ya Hansel na Gretel wengi tunaijua, njaa imeingia, watoto wanatupwa msituni, wanakuta nyumba ya mkate imeezekwa keki na madirisha ni sukari, kumbe ya bibi mchawi. Hansel anafungiwa bandani anenepeshwe, kila asubuhi anaambiwa toa kidole nikione, dogo anatoa kimfupa, bibi macho mabovu anashangaa mbona huyu hanenepi.

Sasa kitabu cha akina Grimm, wale ndugu wawili Wajerumani waliokusanya hadithi hizi, kilipotoka 1812, aliyetoa wazo la kuwatupa watoto alikuwa mama yao MZAZI. Toleo la nne, 1840, ndo akageuzwa mama wa kambo. Njaa ileile, baba mkata kuni yuleyule, ila mwanamke kabadilishiwa cheo tu. Mi naona ni uonevu. Nimelelewa na mama wa kambo, na shule ya msingi wenzangu walikuwa wananiuliza kwani kwenu unapewa chakula? Wameyatoa wapi kama sio hadithi za namna hii?

— Pole dada ila sikubaliani. Zamani kule wanawake wengi walikuwa wanafia kwenye uzazi, baba anaoa tena, chakula chenyewe hakitoshi, hao mama wa kambo hawajabuniwa. Halafu mtoto wa miaka mitano umsomee usiku kwamba mama aliyemzaa anaweza kumtupa, atalala kweli?

— Kwahiyo alale vizuri wa kwako, wa kwangu aniogope mimi niliyemkuta ana miaka mitatu? Ningekuwa mimi ningewasomea ile ya 1812, mtoto akiuliza nimwambie njaa ilikuwa mbaya.

— Nyie mnagombania mama, baba je? Mnakumbuka watoto wamekaa kwenye moto msituni wanasikia ko ko ko, wanajua baba yupo karibu anakata kuni, kumbe kafunga tawi kwenye mti mkavu linagongwa na upepo? Mtu kakaa akalifunga kwa mikono yake. Halafu mwisho mama kafa, watoto wanarudi na lulu na vito vya yule bibi, wanamkumbatia baba wanakula naye raha. Huyo hakuna toleo lililomfanya baba wa kambo.