Mota ya gurudumu 48V inatetemeka ikianza: tatizo ni sensa za Hall au kontrola?

waya_mwekundu
Habari wakuu. Mota ya baiskeli ya umeme, 48V 500W, isiyo na brashi: nyaya tatu nene (njano, kijani, bluu) na tano nyembamba za sensa za Hall (zinazohisi sumaku ya mota iko wapi). Kontrola (kifaa kinachogawia mota umeme) ya zamani iliungua, mpya nimeiunga rangi kwa rangi. Gurudumu likiwa hewani linazunguka kwa kelele na kula ampea 5. Mtu akipanda linatetemeka tu. Mosfeti (swichi za umeme ndani ya kontrola) zinachemka ndani ya dakika mbili. Niachane na sensa, ninunue kontrola isiyozihitaji? Na hizi za FOC (zinazoongoza mkondo kulingana na mkao wa sumaku) zina faida gani?

Sumaku46
Rangi kwa rangi ndiyo iliyokuponza. Kila kiwanda kina mpangilio wake.

Hakikisha sensa ni nzima kwanza. Chomoa feizi tatu (zile nyaya nene), washa kontrola, pima kati ya nyekundu na nyeusi za sensa: iwe karibu 5V. Halafu probu nyeusi ibaki kwenye nyeusi, ile nyekundu ipitie njano, kijani na bluu za sensa huku ukizungusha gurudumu polepole kwa mkono. Kila waya uruke kati ya karibu 0V na karibu 5V. Usioruka, sensa yake imekufa au waya umekatika. Mara nyingi hukatika pale unapoingia kwenye ekseli, anzia hapo.

Zikiwa hai, usiziguse. Geuza feizi peke yake: kuna mipangilio sita, mmoja tu ndio wenyewe. Weka fyuzi ya 10A kwenye waya wa betri, gurudumu hewani, vuta mafuta kidogo sana (tunasema mafuta kwa mazoea tu). Mpangilio sahihi ni kimya, ampea 1 hivi bila mzigo. Jihadhari na ule unaozungusha mota kwa kelele na ampea nyingi, huo ndio ulionao sasa. Ikizunguka vizuri lakini kinyumenyume, badilishana sensa mbili zozote, kisha tafuta feizi upya.

feizi3
Nyongeza kuhusu sababu. Kontrola yako ni ya hatua sita: wakati wowote feizi mbili zina umeme, ya tatu imeachwa, na sensa ndizo zinazosema ni lini zibadilishane. Mota yenye sumaku 46 ina jozi 23, kwa hiyo mzunguko mmoja wa gurudumu ni mabadiliko 138. Feizi zikikaa vibaya, koili inapewa umeme sumaku ikiwa imeshapita au haijafika. Ampea zinageuka joto.

Kuachana na sensa sikushauri. Kontrola ya namna hiyo husoma volti inayozalishwa na feizi iliyoachwa, husubiri ipite katikati, kisha huhesabu nyuzi 30 za umeme (jozi moja ya sumaku ikipita ni nyuzi 360) kabla ya kubadilisha. Mota ikiwa imesimama haizalishi volti yoyote, hivyo inaanza kwa kubahatisha. Feni na droni hazijali. Baiskeli yenye mtu mlimani itakwama.

FOC ni nzuri kweli. Kwenye hatua sita, mota ya wimbi la sini ikipewa mkondo usiobadilika, nguvu hushuka hadi 0.866 ya kilele mara sita kwa kila mzunguko wa umeme, na huo ndio mngurumo unaousikia ukianza. FOC hupima mkondo wa feizi mbili (ya tatu hupatikana kwa hesabu, maana jumla yake ni sifuri) na kuuelekeza wote kwenye kuzungusha. Ila ukiiwekea idadi ya jozi za sumaku isiyo sahihi, itatetemeka kuliko hii.

waya_mwekundu
Sensa zote zinaruka. Nimebadilishana njano na bluu: linatikisika tu, halizunguki. Nikarudi, nikazungusha zote tatu hatua moja: mbele, kimya, ampea 0.9. Asanteni sana wakuu.

Sumaku46
Safi. Kabla hujampakia mtu, pima mosfeti, zimeshachemka hizo. Chomoa betri na feizi, subiri kapasita iishiwe, multimita iwe kwenye alama ya dayodi. Probu nyekundu kwenye hasi ya kontrola, nyeusi kwenye kila feizi: 0.4 hadi 0.6. Kisha nyekundu kwenye feizi, nyeusi kwenye chanya: vilevile. Ikisoma 0, mosfeti hiyo imeshoti, usirudishe betri.