Naomba ushauri: injini ya Subaru kwenye kindege cha kujiundia inachemsha

Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi magari hapa Uyole, Mbeya. Na kaka yangu tunaunda kindege cha viti viwili, tumefunga injini ya Subaru EJ22. Hakijaruka, na hakiruki kabla TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) hawajakikagua, kwa hiyo msinigombeze bado.

Tumeweka puli na mkanda wa meno, 2 kwa 1: injini ikienda mizunguko 5,000 kwa dakika, propela inapata 2,500. Shida ni joto. Tukikifunga kwenye mti na kuachia mafuta yote, dakika sita tu mshale uko kwenye nyekundu. Kwenye gari injini hukazana mlimani kisha inapumua. Hapa inabeba mzigo mfululizo. Halafu tuko mita 1,700 na ushee, hewa nyepesi, maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi.

Nimebadilisha mfuniko wa rejeta na pampu ya maji, nimetoa hewa kwenye mfumo. Mapovu kwenye rejeta hakuna, kwa hiyo gasketi ya hedi naiamini.

Kingine, chini ya puli nakuta unga mweusi wa mpira, na injini ikiwa kwenye sailensa ya chini (inaunguruma polepole bila kukanyagiwa mafuta) mkanda unapigapiga kama kamba ya kuanikia nguo kwenye upepo.

Maswali mawili. Niongeze rejeta ya pili, au nitengeneze bomba la bati la kulazimisha upepo wa propela upite kwenye hii moja? Na huo unga ni mkanda kulegea, au ni mtikisiko wa injini unaohitaji kapulingi ya mpira (kiungo cha kumeza mtikisiko)?