Naombeni ushauri: duka langu la spea za bodaboda halionekani, nataka bango

Mluguru wa Lami
Habari za jioni wanajamvi. Nina duka la spea za pikipiki nje kidogo ya mji wa Morogoro, barabara ya Iringa, mwezi wa nane sasa. Mzigo upo: tairi, cheni, spoketi, pedi za breki, oili. Bodaboda wananipita kwenda kununua mjini. Wakipata pancha mbele ya mlango ndipo wanashangaa, "kumbe hapa kuna duka?" Roho inauma. Nataka bango kubwa. Rangi ipi inaonekana mbali? Na nichukue flexi (turubai la kuprinti) au alukobondi (ubao wa alumini)? Wiki nzima sijalala vizuri.

Mzee wa Kihonda
Kijana, mteja anakuja kwa kauli, haji kwa bango. Marehemu mjomba wangu aliuza mafuta ya taa miaka thelathini bila kibao na foleni haikuisha. Amka mapema, sali, salimia watu.

Mama Watatu
Shikamoo mzee. Kauli unamtolea aliyekwishasimama, huyu wake wanapita mbio. Mimi nina mgahawa. Kwenye flexi yangu neno CHAKULA lilikuwa jekundu, MASAA 24 jeusi. Jua likala wekundu wote ndani ya mwaka na kidogo, ikabaki MASAA 24. Watu wakawa wanaingia kuulizia dawa ya malaria.

Fundi Brashi
Rangi baadaye. Litaandikwa nini, litakaa wapi, na je, umeshamlipa mtu?

Mluguru wa Lami
Litaandikwa jina la duka na bidhaa zote, fundi. Nisaidie rangi kwanza.

Fundi Brashi
Mbona unakimbilia rangi? Piga hesabu nami. Penye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kila sekunde. Anayeanza kukuona akiwa mita 60 ana sekunde nne hivi, na humo humo anaangalia daladala, mashimo na mbuzi. Kipimo tunachotumia sisi ni herufi ya sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Kwa mita 60 unataka herufi ya nusu mita. Kwenye bango la mita 3, herufi hizo zinaingia saba au nane tu kwa mstari. Kwa hiyo andika SPEA, chora tairi kubwa, basi. Njano juu ya nyeusi, au nyeupe juu ya bluu iliyokolea. Haya, maneno yako ni yapi?

Mluguru wa Lami
Sawa, nasema. Bango limeshabuniwa. Nimetoa advansi laki nne kati ya laki saba na nusu. Ni zambarau kwa maandishi ya dhahabu, bidhaa kumi na nne, na jina la mama yangu aliyefariki mwaka juzi, kwa mwandiko wake mwenyewe. Tumeuskani kutoka daftari lake la vikoba. Mtaji wa duka ni akiba yake. Mniambie yote, lakini mwandiko siutoi. Nguzo za bomba nimeshazichimbia kwa zege.

Mama Watatu
Pole sana mwanangu. Mungu amrehemu.

Kipimajoto
Hii chai. Mara hajalala, mara ameshalipa, sasa marehemu na daftari. Huyu ana karakana ya mabango, anatafuta wateja. Kama kweli, weka picha.

Mpwani wa Likoni
Hata ikiwa chai, leteni mahamri tunywe, maana hesabu ya fundi nimeinakili. Huku Mombasa bwana wangu alisimamisha kibao bila kibali cha kaunti, asubuhi tukakuta mashimo mawili na kibao hakipo.

Mzee wa Kihonda
Msimwite mwenzenu mwongo bila ushahidi. Lakini kijana, nawe ungesema mapema.

Mluguru wa Lami
Nimeumia, ila picha hiyo hapo. Ukurasa wa Machi: "Jumatano, hisa 3. Mkopo wa mama wa nyanya haujarudi." Tazameni M yake, mkia unarudi chini ya neno zima kama anaipigia mstari. Aliandika hivyo hata kwenye ndoo za maji. Nguzo nazo hizo, nyuma yake duka.

Fundi Brashi
Nimeona, na nimeona kingine. Toka katikati ya lami hadi nguzo ni mita ngapi?

Mluguru wa Lami
Nimepima asubuhi na kijana wangu wa dukani. Mita 21. Ukuta wa duka uko mita 34. Lakini majirani wote wameweka humo humo.

Fundi Brashi
Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inataja mita 30 kila upande kutoka katikati kwa barabara kuu. Uko ndani ya hifadhi ya barabara kwa mita tisa. Bila kibali cha TANROADS, wakala wa barabara, utachorewa X nyekundu ya kubomolewa, na majirani hawatakulipia zege. Ng'oa. Bango lifunge kwenye ukuta wa duka, litokeze kama bendera, lisomeke pande zote mbili. Likilala sambamba na barabara, dereva hulikuta limeshampita.

Kipimajoto
Picha nimeikuza, vumbi la pale nalijua. Niwie radhi kaka, na pole ya msiba.

Mluguru wa Lami
Yameisha kaka. Mwenye kuprinti nimempigia, hajaanza. Advansi hairudishi, ila anakubali kubadilisha. Nguzo nang'oa Jumapili, ingawa mifuko mitatu ya saruji inaniuma. Bidhaa kumi na nne nimezifuta. Nimewaza hivi: M ya mama peke yake, kubwa, kisha SPEA. Mwandiko mzima uwe ubao wa ndani, juu ya kaunta, mtu akilipa ausome. Zambarau bado naitaka.

Fundi Brashi
Zambarau iliyokolea ibaki, dhahabu toa, weka nyeupe. Ule mkia wa M umekuwa mwembamba kwenye skani. Kwa herufi ya nusu mita unene wa mstari usishuke chini ya sentimita nane, la sivyo kwa mbali atasoma N. Nitumie ukurasa wenye M nyingine, nikuchoree kwa mkono.